Kitako cha Taa: Soketi za Nixie Zinazoundwa kwa Mkono

Taa ya Nixie ni chupa ndogo ya kioo iliyozibwa kabisa, ambayo ndani yake mna gesi ya neoni na vipande vyembamba vya metali vilivyokatwa kwa umbo la tarakimu, kuanzia 0 hadi 9, vikapangwa kimoja nyuma ya kingine. Kila tarakimu ni kathodi, yaani ncha hasi ya umeme, na mbele yake umetandazwa wavu ambao ni anodi, yaani ncha chanya. Umeme wa takribani volti 170 ukiwekwa kati ya wavu na tarakimu moja, gesi inayoizunguka tarakimu hiyo hung'aa kwa rangi ya chungwa iliyokolea. Kampuni ya Burroughs ya Marekani iliziingiza sokoni mwaka 1955, zikatumika katika vipimo vya maabara na vikokotozi vya mezani hadi zilipopitwa na vionyeshi vipya katika miaka ya 1970. Umoja wa Kisovieti uliendelea kuzitengeneza baada ya hapo, na akiba yake ndiyo inayowalisha waundaji wengi wa saa za Nixie hadi leo.

Udhaifu wa taa hizo uko chini, mahali ambapo pini za metali hupenya kioo. Kioo hakipindiki, hivyo pini ikisukumwa kando, au ikipashwa moto mno wakati wa kulehemu kwa risasi, ufa usioonekana hutokea, hewa huingia na taa hufa. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na soketi, kitako chenye matundu ya kupokea pini, ili taa ichomekwe na kuchomolewa pasipo kuguswa na moto. Kwa kuwa soketi za kiwandani hazipatikani kwa urahisi kwa kila aina ya taa, mafundi wengi huamua kujiundia.

Mfano unaofaa ni IN-12 ya Kisovieti, ambayo hutambulika upesi kwa sababu 5 yake ni bamba la 2 lililopinduliwa, ubanaji matumizi ambao wapenda tarakimu nzuri hawajausamehe. Ina pini 12 zenye unene unaokaribia milimita 1, na unene huo unalingana na ule wa pini za viunganishi vya kompyuta za zamani, vile vya pini 9 au 25. Ndani ya upande wa kike wa kiunganishi hicho mna vimirija vya metali vyenye mdomo uliopasuliwa, ambavyo huibana pini kama koleo, na fundi akikivunja kiunganishi kimoja cha 25 hupata vimirija vya taa mbili na kimoja cha akiba. IN-14, ambayo ina nyaya laini badala ya pini ngumu, huhitaji vimirija vyembamba zaidi, kama vile vya soketi za chipu zenye matundu ya mviringo.

Kitako chenyewe hukatwa kwenye ubao wa faibaglasi usio na shaba, kisha matundu hutobolewa kwa keekee, yakiwa mapana kidogo kuliko vimirija. Upana huo ndio siri ya kazi yote, ingawa kwa macho ya mgeni hufanana na uzembe: kimirija kilichokazwa kabisa hulazimisha pini kukifuata, ilhali kinachocheza kidogo hukifuata kioo. Taa iliyokufa, ambayo wengi huitupa, hapa huwa kalibu isiyo na mfano. Vimirija vilivyokwisha kulehemiwa nyaya huvikwa kwenye pini zake, ubao huteremshwa juu yake, na kila kimirija hushikizwa kwa tone la silikoni. Silikoni inayonuka siki iepukwe, kwa kuwa asidi yake huila shaba.

Kati ya pini na pini pasibaki mabaki ya dawa ya kulehemia, maana kwa volti 170 uchafu hugeuka njia ya umeme na tarakimu isiyotakiwa huanza kung'aa kwa mbali. Spiriti na mswaki mkuukuu hutosha. Silikoni ikikauka baada ya siku nzima, taa iliyokufa huchomolewa na kurudishwa mara kadhaa hadi vimirija vilainike, na taa nzima huingizwa ikiwa imeshikwa karibu na kitako, umeme ukiwa bado umezimwa.