Binti Akigonga Mlango Wako Usiku

Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti katika mkoa wa Mara, ni mji ambao wageni wengi huupita tu wakielekea mbugani. Huona stendi, soko na maduka ya vitenge, kisha huenda zao kuangalia nyumbu na simba. Lakini kila mwaka inapokaribia Desemba, mji huu hupokea wageni wa aina nyingine. Hawa hawana kamera wala masanduku. Ni mabinti wa miaka kumi, kumi na miwili, kumi na mitano. Baadhi yao wametembea usiku kucha, na hawana kitu ila nguo walizovaa. Wanakimbia kisu cha ngariba.

Mama msomaji, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mabinti hawa, na juu ya watu na ofisi wanazokutana nazo tangu wanapotoka kwao hadi wanapokuwa salama. Wengi wetu tumesikia habari za nyumba salama. Tunashukuru kwamba zipo, kisha tunaona kazi imekwisha. La hasha. Nyumba ni moja, na njia ya kuifikia ni ndefu. Sehemu kubwa ya njia hiyo hupita mbele ya milango yetu.

Kwa nini Desemba?

Desemba shule zimefungwa, mavuno yapo, na ndugu walio mbali wamerudi nyumbani. Ndipo wazee wa mila hutangaza msimu. Katika koo nyingi za Tarime msimu mkubwa huangukia miaka inayogawanyika kwa mbili. Wakurya ndio hutajwa sana, lakini mila hii haikuwa yao peke yao katika mkoa wetu.

Binti ambaye hajakeketwa huitwa msagane, na jina hilo si la heshima. Huchekwa kisimani na hutengwa na wenzake. Baba naye hufikiri juu ya ng'ombe, kwa maana binti aliyekeketwa huhesabiwa kuwa tayari kuolewa, na mahari yake huwa makubwa zaidi. Kwa hiyo kisu na ndoa ya utotoni hufuatana kama uzi na sindano. Binti akikeketwa Desemba, Januari huenda kiti chake darasani kikawa kitupu.

Hata hivyo mambo yanabadilika. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015/16, wanawake 32 katika kila 100 wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Katika utafiti wa mwaka 2022 walikuwa 28. Wastani wa taifa ulikuwa 10 kati ya 100, kisha ukawa 8. Tunapungua, ila hatujafika.

Tunachokiona sisi wauguzi

Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na sitazungusha maneno. Sehemu ile ina mishipa mingi ya damu. Binti anaweza kutoka damu mpaka akafa kabla usafiri haujapatikana. Wembe mmoja ukitumika kwa mabinti kumi, ugonjwa wa damu wa mmoja waweza kuwa wa wote, hata virusi vya UKIMWI. Pepopunda nayo huingia kwa njia hiyo hiyo. Wapo wanaoshindwa kukojoa kwa siku kadhaa kwa sababu ya maumivu na uvimbe.

Halafu kuna madhara yanayosubiri miaka. Kovu halitanuki kama ngozi nzima. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 28,393 waliojifungua katika nchi sita za Afrika, zikiwemo Kenya na Sudan. Waliokeketwa walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kwa upasuaji, kutoka damu nyingi baada ya kujifungua, na kufiwa na mtoto mchanga. Kadiri ukeketaji ulivyokuwa mkubwa, ndivyo hatari ilivyoongezeka. Basi bibi anayesema kwamba binti asiyekeketwa hatazaa vizuri, aelezwe kwa upole kwamba ni kinyume chake.

Mlango uliofunguliwa mwaka 2014

Mwaka 2014 Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, lilifungua nyumba salama hapa Mugumu. Katika msimu wa kwanza tu ilipokea mabinti zaidi ya 100. Aliyeisimamia alikuwa Rhobi Samwelly, mwanamke wa mkoa huu huu. Yeye mwenyewe amesimulia hadharani mara nyingi kwamba alikeketwa akiwa na umri wa miaka 13, akatoka damu nyingi, na nusura afe. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, na shirika hilo limeendesha nyumba salama katika wilaya za Butiama na Serengeti. Jirani zetu wa Tarime nao wana kituo cha Masanga, ambako masista wa Kanisa Katoliki na wenzao walianza kazi hii mwaka 2008.

Ndani ya nyumba salama binti hupata kitanda, chakula, matibabu na mtu wa kumsikiliza. Wasioweza kurudi nyumbani upesi huendelea na shule au hufundishwa ushonaji na kazi nyingine za mikono. Haya yote ni mema. Lakini tujiulize: binti wa kijiji cha mbali, mwenye umri wa miaka 12, amefikaje pale?

Nyumba haisimami peke yake

Torati iliagiza Israeli watenge miji ya makimbilio, ili mtu anayefuatwa na mlipiza kisasi aponee humo. Ikaagiza pia kwamba njia za kwenda katika miji hiyo zitengenezwe. Nadhani jambo la pili lilikuwa na uzito sawa na la kwanza. Mji wa makimbilio usio na njia haumwokoi mtu.

Njia ya binti wa Serengeti huanza kwa mtu mmoja. Huyo aweza kuwa mwalimu aliyemwambia darasani kwamba ana haki ya kukataa, au shangazi, au mama jirani anayesikia mlango ukigongwa. Kutoka hapo habari hufika kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji. Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, ulioanza mwaka 2017/18, kamati za ulinzi wa wanawake na watoto ziliundwa tangu ngazi ya kijiji na mtaa hadi wilaya, na ndani yake wamo akina mama kama wewe na mimi.

Kisha huja polisi. Kituo cha polisi cha wilaya kina Dawati la Jinsia na Watoto, ambako binti husikilizwa na askari aliyefundishwa kazi hiyo. Kama ameumizwa, polisi hutoa fomu ya PF3 na binti hupelekwa hospitali. Hospitali Teule ya Nyerere, ya Kanisa la Mennonite, imewahudumia watu wa Mugumu kwa miaka mingi. Ila kumbuka: anayetoka damu hasubiri karatasi. Mkimbize hospitali, na fomu itafuata.

Afisa ustawi wa jamii ndiye anayepima kama nyumbani kwa binti ni salama. Yeye na polisi ndio humkabidhi nyumba salama kwa maandishi, ili asije mtu akasema mtoto ameibwa. Mwisho kabisa yupo hakimu, kwa kesi zinazofika mahakamani.

Katika njia hii wameingia pia watu ambao hatukuwategemea. Tangu mwaka 2015 wajitolea wa mradi wa Crowd2Map, wengine wakiwa nchi za mbali, wamekuwa wakichora ramani za vijiji vya Tanzania kwa kutumia picha za satelaiti, na wajitolea wa vijijini huongeza majina ya vijiji, shule na zahanati kwa simu zao. Kwa nini ramani? Kwa sababu simu ikipigwa usiku kwamba binti atakatwa alfajiri, gari la polisi lisilojua njia hufika mchana. Hapo damu imeshamwagika.

Sheria inasemaje?

Tangu mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana inamhesabu mzazi au mlezi anayemkeketesha binti aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa mhalifu. Adhabu ni kifungo cha miaka isiyopungua 5 na isiyozidi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua kwamba haki ya mtoto inavunjwa. Kwa hiyo ukinyamaza hujakaa katikati, umeacha wajibu.

Lakini sheria ina tundu. Haimtaji mwanamke aliyetimiza miaka 18, ambaye mara nyingine hulazimishwa na wakwe baada ya kuolewa. Wenzetu wa Kenya walitunga sheria mwaka 2011 inayokataza ukeketaji kwa umri wowote. Nao wenye hila hutumia mpaka, wakivusha mabinti usiku. Wengine hukeketa watoto wachanga, ambao hawawezi kukimbia wala kusema. Ndiyo maana polisi peke yao hawatoshi.

Siku ya kurudi nyumbani

Msimu ukiisha, huanza kazi ngumu kuliko kuokoa, yaani kupatanisha. Wazazi huitwa, huketi mbele ya polisi, ustawi wa jamii na viongozi wa nyumba, na huandikisha ahadi kwamba binti hataguswa. Wengine hulia na kumkumbatia mtoto wao. Wengine hukataa kabisa, na binti hubaki bila kwao.

Hata ahadi ikiandikwa, binti hurudi katika boma lile lile, kwa bibi yule yule, na mabinti wale wale wanaomwita msagane. Nani atajua kama amevunjwa moyo, au kama amepelekwa kwa shangazi ng'ambo ya mto? Afisa ustawi wa jamii ana vijiji vingi na mara nyingi hana usafiri. Mama jirani hahitaji gari. Yeye humwona binti kila siku akienda kuchota maji.

Tufanye nini akina mama?

Kwanza, tusingoje Desemba. Zungumza na mume wako mwezi wa nane au wa tisa, wakati hakuna ngoma wala pombe. Mpe sababu za afya na za shule. Baba wengi hawajawahi kuelezwa, maana jambo hili waliliita la wanawake.

Pili, tumwendee mama mkwe kwa heshima. Ukimwambia, "Mama, mila yenu ni ya kishenzi," umefunga mlango. Mwambie, "Mama, wewe ulitoka damu siku tatu, na mimi nilipata shida kuzaa. Mjukuu wako tumpe baraka yako bila kisu." Bibi akikubali, nusu ya vita imekwisha.

Tatu, jua njia kabla hujaihitaji. Uwe na namba ya simu ya mtendaji wako na ya Dawati la Jinsia. Namba 116, ya bure, ni ya huduma kwa mtoto nchi nzima. Wafundishe watoto wako waijue kwa moyo.

Nne, binti akigonga mlango wako, mfungulie, mpe chakula, na usimuulize maswali mia. Usimfiche kwa siri siku nyingi, na usimrudishe kwao "kuongea na wazazi" usiku huo huo. Toa taarifa mara moja, ukiwa na mtu wa pili kama shahidi. Hiyo ni kinga yake na yako.

Tano, vikundi vyetu vina uwezo kuliko tunavyodhani. Kikundi cha kuweka na kukopa kinachokutana kila wiki kinaweza kuamua kwamba hakuna mwanachama atakayemkeketesha binti wala kumwoza mwanawe kwa kigezo cha kisu. Kama mama wa mvulana akisema waziwazi, "Mkwe asiyekeketwa nampokea," ng'ombe hawatakuwa tena sababu. Kikundi kinaweza pia kumtembelea binti aliyerudi, kumnunulia daftari, na kuhakikisha Januari yupo darasani.

Nyumba salama ya Mugumu ilijengwa kwa sadaka na jasho la watu wengi, na hatuna budi kuiunga mkono kwa mahindi, sabuni na nguo. Hata hivyo haja ya binti si kukaa humo mpaka awe mtu mzima. Haja yake ni kulala kwao bila hofu. Siku mabinti watakapokuja Mugumu mwezi wa Desemba kununua tu nguo za sikukuu na mama zao, vitanda vile vitabaki vitupu, na sote tutafurahi. Mpaka siku hiyo, mama, usilale usingizi mzito mwezi ule. Huenda mlango utakaogongwa ni wako.