VERANDA YA SIMITI NA SIRI YA RANGI NYEKUNDU

Kutoka Suneka hadi Nyansiongo utaona veranda nyingi za simiti tupu, za kijivu, zenye madoa ya matope. Mvua yetu hupita milimita 1,500 kwa mwaka na udongo ni mwekundu. Wengine hupaka rangi ya mafuta juu yake. Jameni! Unyevu hupanda kutoka chini, rangi ikavimba na kubanduka.

Dawa ni oksaidi nyekundu, unga wa kutu ya chuma. Kutu ya namna hiyo ndiyo iliyoutia wekundu udongo wetu, kwa hivyo matope hayaonekani sana. Lakini haipakwi juu. Hutiwa ndani ya simiti. Fundi huichonga sakafu kuukuu iwe na mikwaruzo, huiosha, hutandaza mchanga na simiti, kisha kabla haijakauka hupiga niru yenye oksaidi. Kwa mfuko wa kilo 50, oksaidi isizidi kilo 5, la sivyo simiti hupoteza nguvu. Sakafu humwagiwa maji siku saba, isije ikapasuka.

Kuna hatari moja. Niru inayong'aa huteleza ikinyeshewa, na wanaoketi verandani ni akina magokoro! Basi ukingo wa nje upitishwe ufagio ungali mbichi, na sakafu iinamie nje sentimita 1 au 2 kwa kila mita.

Je, mawe ya sabuni ya Tabaka? Ni laini mno kukanyagwa. Yachongwe vyungu vya maua, vikae pembeni.