Kula Chambo, Acha Ndoana

Haba na haba hujaza kibaba, walinena wahenga. Sidhani kuna Mkenya anayeijua methali hii kuliko mwalimu anayehesabu siku za mwezi ilhali mshahara umekwisha, au mwanafunzi wa chuo kikuu anayejipikia chumbani kwa fedha za mkopo wa HELB. Hata hivyo, miongoni mwa watu hao hao nawaona wanaotoka supamaketi na kuitupa risiti mlangoni pamoja na karatasi ya ofa waliyokabidhiwa. Wengine, kinyume chao, hujaza kikapu vitu wasivyovihitaji kwa sababu tu vimebandikwa karatasi nyekundu ya kipunguzo. Nionavyo mimi, makundi haya mawili yana ugonjwa mmoja, na dawa yao ni moja: kujifunza kukusanya kuponi kwa hesabu.

Kuponi si jambo geni duniani. Mwishoni mwa miaka ya 1880, wauzaji wa Coca-Cola mjini Atlanta, Marekani, waligawa vikaratasi vilivyompa kila aliyekuwa nacho glasi moja ya kinywaji hicho bila malipo. Hawakuwa wakitoa sadaka. Walijua kuwa aliyeonja cha bure leo huenda akarudi kesho na senti zake mkononi. Desturi hiyo ikaenea, hata ikawa kawaida kwa familia nyingi za huko kukata kuponi magazetini kwa makasi na kuzipanga nyumbani. Mteja anapotoa kuponi ya kiwanda, mwenye duka humpunguzia bei, kisha hudai fedha hizo kwa kiwanda pamoja na ada ndogo ya usumbufu. Duka halipati hasara, na kiwanda nacho kimejipatia mnunuzi.

Hapa kwetu kuponi ya kukata gazetini haijashika mizizi kama huko, lakini tunao ndugu zake. Kuna alama zinazowekwa kwenye kadi ya supamaketi kila unaponunua, kuna vijarida vya bei za wiki, na kuna ofa za kununua mbili upate ya tatu bure. Hata alama za Bonga, ambazo Safaricom ilianza kuwapa wateja wake mwaka 2007 kwa matumizi ya simu, zilikubaliwa kulipia bidhaa madukani mwaka 2020 wakati wa janga la Korona. Yote hayo ni chambo. Samaki mjinga hukimeza pamoja na ndoana. Mjanja hukila na kuiacha ndoana majini.

Basi anayetaka kuanza na aanzie wapi? Asianze na kuponi hata kidogo. Aanze na daftari. Kwa muda wa mwezi mmoja, na aandike kila anachonunua kwa matumizi ya nyumbani: unga, sukari, mafuta, sabuni, majani ya chai, pamoja na bei na uzito wa kila pakiti. Mwezi ukiisha atakuwa na vitu viwili ambavyo muuzaji asingependa awe navyo: orodha ya mahitaji yake halisi na kumbukumbu ya bei ya kawaida. Ofa yoyote itakayokuja na ipimwe kwa daftari hilo. Ikiwa ni ya kitu kisichomo, hiyo si akiba bali ni matumizi mapya.

Hatua ya pili ni kulinganisha uzito. Tuseme sabuni ya unga ya gramu 800 inauzwa shilingi 160, na ya kilo moja inauzwa shilingi 230 lakini ina kuponi ya shilingi 20. Macho hukimbilia penye kuponi. Kalamu husema mengine: ile ya kwanza ni shilingi 20 kwa kila gramu 100, na ya pili, hata baada ya kipunguzo, ni shilingi 21. Aliyetumia kuponi hapo amelipa zaidi huku akishangilia.

Hatua ya tatu ni kuzipanga kuponi katika bahasha kwa kufuata tarehe za mwisho wa matumizi, ile inayokaribia kuisha ikitangulia. Na kabla ya kutoka nyumbani, hesabu nauli. Tuseme kadi yako inakupa alama moja kwa kila shilingi 100, na alama moja ni sawa na shilingi moja. Itakubidi utumie shilingi 10,000 ili upate shilingi 100. Ukipanda bodaboda kwa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi ili kufuata alama hizo, umekula mtaji na faida.

Isitoshe, alama si fedha zilizo benki. Nakumatt, ambalo matawi yake yalienea nchini, liliporomoka kuanzia mwaka 2017 na hatimaye likafungwa kabisa. Leo hakuna keshia wa kuipokea kadi yake. Mwaka 2022 nayo Safaricom ilitangaza kuwa alama za Bonga zilizozidi miaka mitatu zingefutwa, uamuzi ambao baadaye ulisitishwa. Funzo ni kuwa mtoaji wa alama ndiye anayeandika sheria zake. Zitumie mapema, usizilimbikize kama urithi wa wajukuu. Nawe unapojaza fomu ya kadi kwa jina na nambari ya simu, elewa kuwa habari zako nazo zina thamani. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike kikamilifu na anachonunua. Uliza masharti bila haya.

Wapo watakaosema kuwa kuhesabu shilingi ishirini ishirini hakumpendezi mwalimu mwenye heshima zake. La hasha! Anayeokoa shilingi 150 kila wiki huwa ameokoa shilingi 7,800 kwa mwaka, na kwa wengi wetu hizo si fedha za kudharau. Zaidi ya hayo, mwalimu wa hisabati ana somo tayari hapo. Wanafunzi na walete darasani vijarida vya bei, watafute asilimia ya kipunguzo, walinganishe uzito na bei, kisha waamue ni ofa ipi ya kweli na ipi ya kupumbaza. Kijana atakayeijua hesabu hiyo akiwa bado shuleni hatadanganywa kwa urahisi na muuzaji wala mkopeshaji atakapoanza kushika mshahara wake.

Jambo la mwisho ndilo watu husahau upesi. Fedha iliyookolewa dukani isipowekwa kando huyeyuka kabla hujafika nyumbani. Kila risiti inapoonyesha kipunguzo, kiasi hicho na kiingie kwenye kopo, kwenye chama au kwenye akaunti siku hiyo hiyo. Bila hivyo, kuponi itakuwa imemfaidi aliyeichapisha, nawe utabaki na makasi mkononi.