Paka Anayemwaga Maji Anatafuta Nini?

Asubuhi za Julai huku Magamba, Lushoto, ukungu huteremka kutoka msituni ukakaa juu ya mapaa hata saa tatu. Asubuhi moja ya namna hiyo niliitwa kumtazama ng'ombe aliyekuwa akichechemea. Nilipokwisha kunawa mikono, mama mwenye nyumba akaniambia, "Daktari, kabla hujaondoka nitazamie na huyu mwingine."

Huyu mwingine alikuwa paka dume wa rangi ya majivu, ameketi mbele ya bakuli la plastiki lenye maji nusu. Alichovya mguu wa kulia, akautikisa, akalamba vidole. Akachovya tena, safari hii akalivuta bakuli kwa kucha. Likapinduka, na maji yakatambaa juu ya saruji mpaka kizingitini.

"Ndiyo kazi yake," mama akasema. "Nikimwekea anamwaga, nisipomwekea anakwenda kunywa kwenye ndoo ya vyombo. Nimechoka kupiga deki. Amekuwa mkorofi."

Malalamiko haya nayasikia mara nyingi, na jibu langu ni lilelile: paka huyu si mkorofi. Anatafuta maji kwa njia aliyoumbiwa, na bakuli tulilompa halilingani na njia hiyo. Tukielewa anachokitafuta atakunywa zaidi, na sakafu itabaki kavu.

Mnyama aliyekunywa kwa kula

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambaye wataalamu humwita Felis lybica. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha ukoo huo. Ni mnyama wa nchi kavu. Figo zake hubana maji kwa nguvu, ndiyo maana mkojo wa paka ni mzito na harufu yake kali. Kiu yake nayo huchelewa. Mbwa akipungukiwa maji hukimbilia chombo, ilhali paka huvumilia, na uvumilivu huo ndio unaomponza.

Paka-mwitu hana haja kubwa ya bakuli kwa kuwa hunywa anapokula. Karibu asilimia 70 ya mwili wa panya ni maji, kwa hiyo panya shamba wa gramu 50 humpa paka mililita 35 hivi. Paka wa kilo 4 anahitaji takriban mililita 200 kwa siku, ukijumlisha anayokunywa na yaliyomo katika chakula. Hiyo ni theluthi mbili ya chupa ya soda ya mililita 300. Panya wanne humfikisha kwenye mililita 140, na zilizobaki huzilamba hapa na pale.

Sisi wa Lushoto tuna sababu yetu ya kumthamini mwindaji huyu. Mwaka 1980 tauni ilizuka katika wilaya hii, ikawa inatulia na kurudi kwa zaidi ya miaka 20, na ikawapata watu zaidi ya 7,000. Ugonjwa ule huenezwa na viroboto waliotoka kwa panya, na paka mwenyewe huweza kuupata. Kwa hiyo nyumba inayohifadhi mahindi mahali panya hawafiki inafanya jambo jema kabisa, kwa watu na kwa paka.

Ila panya wakipungua, paka amepoteza chakula pamoja na kisima chake. Mahali pa panya tunaweka ugali na dagaa. Ugali una maji ya kutosha ndani yake, lakini paka mchaguzi huchambua dagaa mmojammoja na kuuacha ugali kama ulivyo. Gramu 100 za dagaa waliokaushwa vizuri zina maji ya mililita 10 hivi. Chakula cha punje kinachouzwa mijini hakipishani sana na hapo. Tumemhamisha paka kutoka chakula chenye maji kwenda chakula kikavu, halafu tunatarajia ajue mwenyewe kwamba sasa inampasa anywe.

Ulimi hauna kosa

Mwaka 1940, filamu iliyotumia kamera ya mwendo kasi ya Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha MIT huko Marekani, ilionyesha jinsi paka anavyolamba. Miaka 70 baadaye watafiti wanne, Pedro Reis, Sunghwan Jung, Jeffrey Aristoff na Roman Stocker, walilichunguza jambo hilo kwa undani. Walianza na Cutta Cutta, paka wa Stocker mwenyewe, na mwaka 2010 wakatangaza matokeo katika jarida la Science.

Waligundua kwamba paka hachoti maji kama mbwa. Ncha ya ulimi wake hugusa tu uso wa maji, kisha huondolewa kwa kasi. Maji yaliyoshikamana nayo huinuka kama mshipi mwembamba, na kabla uzito haujayarudisha chini, paka hufumba mdomo na kuyakata. Hufanya hivyo karibu mara nne kwa sekunde moja. Kidevu chake hubaki kikavu, na sharubu hazilowi.

Mnyama anayekunywa kwa ustadi huo hawezi kulaumiwa kwa kuchafua nyumba kwa ulimi. Ukiona dimbwi, tazama mguu na tazama bakuli.

Mguu una kazi yake. Jicho la paka ni hodari kwa kitu kinachokimbia, lakini kilicho karibu na pua yake, chini ya sentimita 25 hivi, halikioni sawasawa. Maji yaliyotulia ndani ya bakuli hayana alama ya kumwonyesha yanapoanzia. Jana yalikuwa hadi ukingoni, leo yako chini kabisa. Paka hutumbukiza mguu apime kina, au ayatikise ili ayaone. Bakuli likiwa jepesi huteleza, na likiwa na maji kidogo chini kabisa, hulivuta kwake kwa kucha. Mama wa Magamba alikuwa akiweka nusu bakuli ili yasimwagike mengi, kumbe nusu bakuli ndiyo iliyokuwa ikimwaga.

Kumsogezea maji

Waislamu wengi wa milima hii wameisikia tangu darasani habari ya sahaba Abu Qatada. Aliandaliwa maji ya kutawadhia, akaja paka, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Mkwe wake Kabsha alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume alifundisha kuwa paka si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Wanazuoni huitaja habari hii katika mlango wa tohara. Mimi kama daktari wa wanyama huwa nasimama pia kwenye lile tendo la mkono: alikiinamisha chombo. Aliyaleta maji ukingoni, mahali paka anapoyafikia bila taabu.

Hilo ndilo la kufanya nyumbani. Tafuta bakuli pana na zito, la udongo au la kauri, lisilosogea likisukumwa. Lijaze mpaka upana wa kidole kimoja chini ya ukingo, na kila siku urudishe kimo hichohicho, ili paka asilazimike kupima upya. Upana una faida nyingine: paka wengi hawapendi sharubu zao kugusa kuta za chombo.

Weka bakuli hilo ndani ya sinia lenye ukingo, juu ya kipande cha kanga kuukuu au gunia kilichokunjwa. Kitambaa huzuia bakuli kuteleza na hunywa matone, na sinia hupokea yaliyobaki. Kifue kila siku na ukianike, maana kitambaa kibichi hunuka upesi katika baridi yetu, na paka huikimbia harufu kabla wewe hujaisikia. Kwa sababu hiyohiyo, bakuli lililooshwa kwa sabuni lisuuzwe mara mbili. Maji ya bomba yenye harufu ya dawa yaache wazi usiku mmoja kabla ya kumpa.

Mahali pa bakuli pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Liwe mbali na chakula chake na mbali zaidi na mchanga wake wa haja, kando ya ukuta anapoweza kuona mlango. Ukiweza, weka mabakuli mawili sehemu mbili tofauti. Katika miezi ya baridi, moja liwe karibu na jiko, maana paka wa Magamba wanaokataa maji ya saa kumi na mbili asubuhi nimewaona wakiyakubali yaleyale yakiwa ya uvuguvugu.

Wapo wanaotaka maji yanayotembea. Hao ndio wanaosubiri bomba lifunguliwe. Katika nchi nyingine huuzwa vifaa vya umeme vya kuzungusha maji. Hapa chupa ya plastiki yatosha: toboa kifuniko kwa sindano, uifunge juu ya bakuli ikiwa kichwa chini, na utoboe tundu dogo la hewa karibu na kitako. Matone yatadondoka mojamoja na kuutikisa uso wa maji. Chupa iwe na maji machache kuliko nafasi iliyobaki bakulini, yasije yakafurika. Si kila paka atavutiwa, kila mmoja ana lake, kwa hiyo badili jambo moja kwa wakati na umpe siku tatu au nne kabla ya kuhukumu.

Usimpige na usimkaripie, kwa sababu ataunganisha adhabu na bakuli, aache kulikaribia. Wala usimshike kwa nguvu ukamtilia maji kwa bomba la sindano, kwani yanaweza kuingia kwenye mapafu.

Mchuzi kabla ya maziwa

Njia ya hakika zaidi ni kuyarudisha maji kwenye chakula. Chemsha dagaa kwa maji mengi, bila chumvi, bila kitunguu maji wala kitunguu saumu, maana vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Mpe dagaa waliolainika pamoja na mchuzi wao, au uponde ugali ndani ya mchuzi huo mpaka asiweze tena kuchambua. Anza na kijiko kimoja, ongeza kidogokidogo kwa wiki nzima. Akisusa, rudi nyuma hatua moja. Usimwache na njaa ili ajifunze, kwani paka asiyekula siku mbili tatu, hasa aliyenenepa, huweza kupata ugonjwa mbaya wa ini.

Wenye ng'ombe watauliza kuhusu maziwa. Paka wengi waliokwisha kukua hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuisaga sukari ya maziwa, na wakipewa huharisha. Anayeharisha hupoteza maji uliyokuwa ukimwongezea.

Tazama pia anakunywa wapi pengine. Ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alilipeleka kwao kutoka Usambara mwaka 1892, leo hupandwa kwenye vyungu duniani kote, na mara nyingi humwagiliwa kupitia kisahani kilicho chini ya chungu. Paka hupenda visahani hivyo. Ua lenyewe halina sumu kwake, lakini mbolea iliyoyeyuka mle ndani haimfai. Hatari kubwa ni lili, yale maua yenye umbo la tarumbeta yanayopambwa kanisani na harusini. Jani, chavua, hata maji ya chombo chake huweza kuua figo za paka kwa siku chache.

Wakati wa kukimbia kwa daktari

Yote niliyoeleza ni kwa paka mzima anayechagua. Dume anayekwenda mchangani mara kwa mara, anayejikaza na kulia bila kutoa mkojo, amezibwa. Wenye paka hudhani ni choo kigumu, wakangoja. Huyo apelekwe siku hiyohiyo, kwa kuwa akikaa hivyo siku mbili au tatu anaweza kufa. Paka anayekunywa kidogo hupata mkojo mzito zaidi, na katika mkojo mzito fuwele na vijiwe hujijenga kwa urahisi. Hapo ndipo bakuli la maji linapogeuka kuwa jambo la uhai.

Aliyeanza ghafla kunywa kupita kawaida naye achunguzwe, hasa akiwa mzee, kwani inaweza kuwa figo au kisukari. Anayelisogelea bakuli kisha akarudi nyuma huenda ana jino bovu au kidonda kinywani. Na anayetokwa na mate, asiyeweza kumeza na aliyebadilika tabia, usimtie kidole kinywani kabisa. Mfungie chumbani umwite daktari wa mifugo, kwa sababu kichaa cha mbwa huwapata paka pia. Chanjo yake ni ya kila paka, hata yule asiyetoka uani.

Nilirudi kwa yule mama wiki mbili baadaye kumwona ng'ombe. Karibu na mafiga palikuwa na sinia kuukuu, juu yake kipande cha kanga, na juu ya kanga bakuli zito la udongo lililojaa karibu na ukingo. Paka alikuja, akanusa, akainamisha kichwa. Mguu wake ulibaki chini. Tukanyamaza sote wawili, tukausikiliza ulimi wake ukigusa maji.