Sikio la Jiwe

Fundi wa zamani hakuhitaji chombo cha gharama apate kujua kwamba beringi ya mashine imeanza kulika: aliiegemeza ncha ya bisibisi juu ya ganda la chuma, akaubana mpini sikioni, akatulia mpaka aisikie gololi yenye kovu ikigonga kila inapozunguka. Maarifa hayo nayastahi sana, ila yana mpaka, kwani hakuna binadamu awezaye kutega sikio juu ya ganda la turbaini ya gesi, ambalo joto lake hufika nyuzi mamia kadhaa.

Hapo ndipo hufungwa kihisi cha mtetemo, kidude cha chuma kinachoenea kiganjani, ambamo jiwe limebanwa pamoja na uzito mdogo. Ganda likitetemeka, uzito hulikandamiza jiwe, nalo jiwe hutoa umeme kwa kadiri ya nguvu iliyolikandamiza. Tabia hiyo ya ajabu waliifichua ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mjini Paris mwaka 1880, na miongoni mwa mawe waliyoyajaribu ilikuwamo turmalini, hiyo hiyo ichimbwayo Tanzania na Kenya kwa ajili ya pete na vidani.

Vihisi vya kawaida aghalabu hutumia kauri ya kiwandani, ambayo hutiwa umeme mkali ili chembe zake zielekee upande mmoja. Kauri hiyo husikia vyema kuliko jiwe, lakini usikivu wake ni wa kufundishwa, na aina iliyoenea zaidi, ikipashwa moto kupita nyuzi 350 hivi, husahau yote, wala haikumbuki hata ikisha kupoa. Turmalini haikufundishwa na mtu. Tabia yake ni ya maumbile, na joto hilo haliiondolei.

Vipuli vya elektroniki, ambavyo kwa kawaida hushindwa baada ya nyuzi 120 hivi, huwekwa mbali penye ubaridi, na umeme wa jiwe huvifikia kwa waya uliopitishwa ndani ya bomba jembamba la chuma lililoshindiliwa unga wa magnesia, maana plastiki ingeyeyuka. Umeme wenyewe ni haba mno, hata waya ukiachwa ukining'inia na kusuguana huzua habari za uongo. Kwa hiyo fundi mwenye hadhari huufunga kwa vibanio njia nzima.

Baridi nayo ina mitihani yake. Gesi asilia iliyogeuzwa kuwa majimaji huhifadhiwa kwenye nyuzi 162 chini ya sifuri, na pampu yake huzamishwa humo tangini pamoja na mota. Kuipandisha ni kazi kubwa, na msimamizi aliye juu hana habari ya beringi zake ila ile iletwayo na waya upandao kutoka gizani.