Urani ya Shinkolobwe, lithiamu ya Manono

Jioni moja hapa Annexe, mjini Lubumbashi, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na mama anayeuza makala kando ya njia yetu alikuwa akipepea mbabula yake. Aliniuliza swali ninalolisikia mara nyingi, ila yeye aliliuliza kwa ukali wa mtu aliyechoka: "Mwalimu, urani yetu iko pale Shinkolobwe. Sasa umeme unakosa juu ya nini?"

Siku ile nilimjibu vipande vipande. Mama yule anastahili jibu kamili.

Tuanze na mbabula yake. Makala yakiwaka, atomu za kaboni hushikana na oksijeni ya hewani, na zinazoshughulika ni elektroni tu, zile za nje. Kiini cha katikati hakiguswi. Kaboni iliyoingia motoni hutoka ingali kaboni, imebebwa na hewa. Nguvu za nyuklia hutoka ndani ya kiini chenyewe, ama kwa kupasua kiini kizito, ama kwa kuunganisha viini vyepesi. Vitabu huita la kwanza mwatuko na la pili myeyungano. Mimi nitasema mpasuko na muungano.

Lakini inawezekanaje kupasua kulete nguvu, na kuunganisha nako kulete nguvu? Hapa ndipo wengi hupotea, na hakuna pa kulielewa vizuri kama Katanga. Protoni, chembe zilizomo ndani ya kiini, zote zina chaji ya aina moja, kwa hiyo husukumana. Kinachozishika pamoja ni mvuto mkali mno wenye mkono mfupi, unaofika kwa jirani wa karibu tu. Kiini cha urani kina protoni 92. Kimejaa kupita kiasi. Kikipasuka, vipande vyake hushikana vizuri zaidi na nguvu iliyobaki hutoka nje. Kiini cha hidrojeni kina shida ya kinyume: majirani wa kukishika hawapo au ni wachache, kwa hiyo kikipata wenzake hushikana zaidi, na hapo tena nguvu hutoka. Katikati viko viini vilivyoshikana kuliko vyote: chuma, nikeli, na karibu yao kabisa kobalti na shaba. Shaba iliyojenga Lubumbashi huwezi kuipasua wala kuiunganisha ukapata faida. Imekwisha kutulia.

Urani haijatulia. Pale Shinkolobwe, karibu na Likasi, iligunduliwa mwaka 1915, na kampuni ya Union Minière iliichimba kwanza kwa ajili ya radiamu iliyomo ndani yake. Mwishoni mwa 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann mjini Berlin waliipiga urani kwa nyutroni, chembe za kiini zisizo na chaji, wakakuta bari, elementi nyepesi kwa mbali kuliko urani. Lise Meitner na Otto Frisch ndio walioeleza kilichotokea: kiini kilimeza nyutroni, kikatikisika, kikarefuka kama tone la maji linalotaka kudondoka, kikakatika vipande viwili. Kila mpasuko hurusha nyutroni mbili au tatu, na kila moja inaweza kupasua kiini kingine. Ndani ya tanuri la nyuklia, mafundi huhakikisha kwamba kwa kila mpasuko ni nyutroni moja tu inayozaa mpasuko mwingine. Ndani ya bomu hakuna anayezizuia. Kilo moja ya urani-235 ikipasuka yote hutoa joto linaloshinda tani 2,500 za makala.

Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alisafirisha tani zipatazo 1,200 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York. Kwingineko jiwe lenye urani asilimia moja lilihesabiwa kuwa zuri. Haya yalikuwa na oksidi ya urani kama asilimia 65. Bomu la Hiroshima la tarehe 6 Agosti 1945 lilibeba kilo 64 za urani, na iliyopasuka haikufika kilo moja. Wakongo waliochimba hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya nini. Hilo linaniuma kila ninapofundisha somo hili.

Sasa, mama, umeme. Katika kila atomu 1,000 za urani ya ardhini, saba tu ndizo urani-235, ile inayopasuka kwa urahisi. Kati ya jiwe na taa kuna viwanda vya kuichuja, kuna tanuri, kuna mitambo ya mvuke. Nchi yetu ilipata tanuri la utafiti mjini Kinshasa mwaka 1959, la kwanza Afrika, na la pili mwaka 1972. Hilo la pili lilikuwa na megawati moja tu ya joto, na yote mawili yalijengwa kwa masomo na utafiti, si kwa kuwasha mji.

Muungano ni mgumu zaidi kuuanzisha, kwa sababu viini husukumana kabla havijafikiana. Jua huvisonga kwa uzito wake na joto la nyuzi milioni 15. Kule Cadarache, Ufaransa, mtambo wa ITER unaojengwa utahitaji nyuzi milioni 150. Faida yake ni kwamba joto likishuka, moto huzimika wenyewe, na majivu yake ni heli isiyo na mnururisho, ingawa kuta za mtambo huathirika. Mpasuko huacha vipande vinavyodhuru kwa muda mrefu sana. Desemba 2022, huko California, muungano ulitoa megajuli 3.15 kwa mwanga wa leza wa 2.05, lakini kuiwasha leza hiyo kulikula kama 300 za umeme.

Muungano ulio rahisi kuliko mingine ni wa deuteri na triti, ndugu wawili wazito wa hidrojeni. Deuteri imo katika maji ya mto wowote. Triti huoza upesi, nusu yake hupotea katika miaka kama 12, kwa hiyo ni lazima itengenezwe, na hutengenezwa kwa lithiamu. Lithiamu nyingi imelala Manono, kaskazini mwa Katanga ya zamani, ambako wengi wanaiwazia betri za magari. Nyutroni ikipiga kiini cha lithiamu-6, kiini hicho hugawanyika kuwa heli na triti. Maana yake, ili viini viungane, kimoja lazima kivunjwe kwanza.