Tope la Rufiji Latoka Wapi?

Delta ya Rufiji, inayotazamana na kisiwa cha Mafia, ni ardhi iliyohama. Tope linaloshikwa na mizizi ya mikoko yake lilikuwa udongo wa bara, katika bonde lenye kilomita za mraba zipatazo 177,000. Mvua huuchimbua milimani, mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu huukokota, na maji yakifika tambarare mwendo hupungua: mchanga hutua kwanza, tope laini baadaye. Ndiyo maana naona si haki kuuhesabu mmomonyoko kuwa hasara tupu. Wapo watakaosema kulima miteremko na kukata misitu kumeuzidisha. Ni kweli, na mkulima aliyepoteza udongo wake hafarijiwi na mikoko ya mbali. Lakini delta hii ni kongwe kuliko majembe yetu. Hatari ya upande wa pili, delta kukosa tope, ndiyo husahaulika. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lililoanza kujazwa Desemba 2022, linatupa umeme, ila maji yakituama huangusha mzigo wake humo humo. Misri iliyaona hayo: baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, bahari ilizidi kuila pwani ya delta ya Nile karibu na Rashid.